KIWANJA CHA WAWILI: ANDIKENI KABLA YA KUJENGA

Ni jambo la busara kwa askari kujenga nyumba ya kupangisha angali kazini. Lakini mshahara wa mtu mmoja mara nyingi hautoshi, ndiyo maana wengi huungana: mmoja ana kiwanja Arua au Koboko, mwingine ana fedha za matofali na mabati. Ushirika huo una faida. Ila ukianzishwa kwa maneno matupu huzaa kesi, na huweza kuwaumiza wajane na watoto.

Kwanza, ardhi ichunguzwe. Kiwanja chenye hati huchunguzwa katika ofisi ya ardhi ya kanda mjini Arua. Lakini ardhi nyingi ya West Nile ni ya kimila, haina hati. Hapo waulizwe wazee wa ukoo, majirani na mwenyekiti wa LC1, na mipaka itembelewe kwa miguu mbele yao.

Pili, mwenzi wa ndoa aridhie. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza ardhi ya familia, yaani ile wanayokaa au inayowalisha, kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume. Mnunuzi asiyeuliza hujitafutia hasara.

Tatu, mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi thamani ya shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Tuseme kiwanja kimethaminiwa shilingi milioni 10, na mwenzake ametoa milioni 20 za ujenzi. Mwenye kiwanja ana fungu 1 na mwenye fedha mafungu 2. Nyumba ikileta shilingi 400,000 kwa mwezi, na 40,000 zikiwekwa kwa matengenezo, zitabaki 360,000: mmoja apate 120,000, mwingine 240,000. Mkataba utaje pia atakayekusanya kodi, na bei itakavyopatikana mmoja akitaka kuuza fungu lake.

Nne, na hili ni kubwa kwa watu wa silaha: hati ikiandikwa majina mawili, iseme ni umiliki wa namna gani. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, mmoja akifa mali yote humwendea aliyebaki. Katika umiliki wa mafungu, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Mtu na mkewe waweza kupendelea namna ya kwanza. Marafiki wawili kambini wachague ya pili, ili watoto wa kila mmoja wasikose haki yao.

Nakala moja ya mkataba ikae nyumbani, kwa mama watoto, wala isifungiwe sandukuni kambini. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Askari huhamishwa leo au kesho. Karatasi iliyotiwa sahihi itabaki ikiwatetea walio nyumbani.