Filamu Imefika Nyumbani, Je, Imeingia Ndani?

Wapenzi wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze kuhusu filamu, hasa hizi ambazo miaka ya karibuni zinatufuata sebuleni bila mtu kunyanyua mguu kwenda sinema. Sitatoa alama wala sitagawa medali. Nitawasimulia filamu tatu nilizozitazama nyumbani pamoja na mama yangu mzazi, ambaye amepita miaka sabini na ana mtoto wa jicho. Kwa sababu yake nimejifunza kwamba filamu kufika nyumbani ni jambo moja, na kuingia ndani ya nyumba ni jambo jingine.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka picha alikwenda Avalon au Empress, ama alijipendekeza kwa jirani mwenye deki ya video. Sisi watoto tulijazana kwenye vibanda vya video, tukakalia benchi zilizotuchoma makalio. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, na lugha zote hizo hatukuzijua. Lakini alikuwapo mtu wa kutueleza nani ni nani, na kwa nini yule anapigwa. Baadaye kazi hiyo ikawa fani kamili. Kwetu likavuma jina la Lufufu, na Kenya likavuma la DJ Afro.

Wapo waliowabeza wasimulizi hao kwamba wanatia chumvi. Ni kweli walitia chumvi. Ni kweli pia kwamba mara nyingi mwenye filamu hakuombwa ruhusa wala hakulipwa. Lakini bibi aliyekaa benchi la nyuma alitoka pale akiijua hadithi. Hilo tuliweke akiba, nitalirudia.

Filamu ya kwanza tuliyoitazama ni Binti, ya mwongozaji wetu Seko Shamte. Ilitengenezwa mwaka 2021, na mwaka 2022 ikawa filamu ya kwanza ya Kitanzania kuonyeshwa na Netflix. Ni visa vya wanawake wanne wa Dar es Salaam: Tumaini mwenye duka na deni, Angel anayekaribia kuolewa na mwanamume mwenye mkono mwepesi, na Stella na Rose, mmoja akilea mtoto mwenye usonji na mwingine akihangaika kupata mtoto.

Maoni yangu ni kwamba visa vinne ni vingi kwa muda wa saa moja na nusu. Unamzoea mtu, unaanza kumwonea uchungu, mara unaondolewa na kupelekwa kwa mwingine. Mahali pengine wahusika wanasema waziwazi yale ambayo nyuso zao zilikwisha kuyasema. Pamoja na hayo, mama hakuniuliza swali hata moja. Aligombana na kioo. Ilipofika sehemu ya Angel alisema, "Mwanangu, huyo akishaolewa atauawa." Ilipofika sehemu ya Stella alinyamaza kimya. Asubuhi nikamsikia uani akimsimulia jirani kisa chote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Ya pili ni The Boy Who Harnessed the Wind, yaani mvulana aliyeufunga upepo kamba ukamfanyia kazi. Ilitoka mwaka 2019, na mwongozaji wake ni Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anaigiza kama baba. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyekatishwa masomo kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Kijana huyo alisoma kitabu cha maktaba, akaunda mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu na baiskeli. Anayemwigiza William ni kijana wa Kenya, Maxwell Simba.

Wengine wameilalamikia kwamba inakwenda polepole. Mimi naona upole huo ndio nguvu yake. Njaa haiji kwa kishindo. Inakuja debe kwa debe, hadi familia inakubaliana kula mlo mmoja kwa siku. Filamu hii inaonyesha pia kwamba njaa si ukame peke yake, ni siasa vilevile. Mzee wa kijiji anasema ukweli mbele ya rais kwenye mkutano wa hadhara, naye anapigwa.

Hapo ndipo tulipokwama. Wahusika wanazungumza Kichewa na Kiingereza, na tafsiri inakuja kwa maandishi chini ya picha. Mama haoni maandishi. Akauliza, "Huyo mzee kapigwa kwa nini?" Nikaanza kumweleza. Nilipomaliza, picha mbili zilikwisha kupita, na akauliza tena. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa ananasa maneno. Mvua kwa Kichewa ni mvula, maji ni madzi, njaa ni njala, upepo ni mphepo. Mama alikuwa akisikia ndugu zake wakizungumza nyuma ya ukuta, hajui wanazungumza nini.

Ya tatu ni Atlantics, ya Mati Diop, mwenye asili ya Senegal, iliyotunukiwa Tuzo Kuu ya Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 2019. Vijana wa Dakar wanajenga jengo refu la kifahari, hawalipwi mishahara kwa miezi, wanaondoka kwa mtumbwi kuelekea Ulaya na bahari inawameza. Baadaye roho zao zinarudi, zinaingia katika miili ya wasichana wa mtaani na kwenda usiku kumdai tajiri.

Kwangu mimi hii ndiyo bora kati ya hizo tatu, ingawa bahari yake inadai kioo kikubwa na giza la ukumbi, si taa ya sebuleni na mlio wa bodaboda dirishani. Lugha yake ni Kiwolofu, na hapo mama hakunasa hata neno. Lakini wasichana walipotokea na macho meupe alijiinua kitini: "Hao wamepandwa na pepo. Wanadai haki yao." Hakukosea. Ila mapenzi ya Ada na Souleiman, ambayo ndiyo moyo wa hadithi, yalisemwa kwa kunong'ona, naye akayakosa yote.

Sasa, kwa nini filamu nyingi za nje zinatufikia na maandishi badala ya sauti? Jibu liko kwenye gharama. Maandishi yanahitaji mfasiri na mtu wa kuyapanga yaende na picha. Mtazamaji anapewa mistari miwili kwa sekunde chache, kisha inaondoka. Mwenye macho mazima na kisomo cha haraka anafaidi. Mzee, mtoto mdogo na mama anayechambua mboga huku akitazama wanaachwa njiani.

Kuingiza sauti ni kazi kubwa zaidi. Mfasiri lazima achague maneno yanayolingana na mdomo unavyofunguka na kufungwa. Wanatakiwa waigizaji, studio na fundi mitambo. Tena mwenye filamu anatakiwa awe ametunza kando muziki na milio yote, kama nyayo, mvua na mlango, bila sauti za watu. Asipoitunza, milio hiyo itengenezwe upya.

Ni kazi, lakini si muujiza. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Azam TV nayo imetuletea masultani wa Uturuki wakizungumza Kiswahili. Mama yangu anawajua mawifi wa Beijing na fitina za Istanbul, lakini hawezi kumfuata mtoto wa jirani yetu wa Malawi akieleza kwa nini ana njaa. Hilo, wasikilizaji, halinipi usingizi.

Wala tusiseme hatuna sauti. Sisi watu wa redio tumeishi na waigizaji wa sauti miaka yote. Twende na Wakati ilianza Redio Tanzania mwaka 1993, na nchi nzima ikawaona wahusika wake bila kuwa na kioo. Kipaji tunacho. Linalokosekana ni mtu wa kukaa mezani na mwenye filamu, aombe ruhusa, alipe haki yake, kisha ailete kwa lugha ya nyumba hii. Nanyi watengenezaji wetu, tunzeni kando muziki na milio ya filamu zenu, ili nazo siku moja zizungumze Kichewa na Kiwolofu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayesimama mlangoni akizungumza lugha isiyojulikana, bila mkalimani, atamponya nani?

Wakati tunasubiri, kila nyumba ina kijana mwenye macho. Jumamosi iliyopita niliirudia ile ya Malawi. Nikawa nasimamisha picha kila baada ya dakika chache ili nimweleze mama. Akachoka. Akaniambia, "Usiisimamishe, mwanangu. Iache iende, wewe nisimulie tu." Nikamsimulia. Mtambo ulipozunguka na maji yakatoka, alipiga makofi kabla yangu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.