MTIKISIKO WA UMEME KATIKA MITAMBO YA KUCHAJI BILA WAYA

Siku hizi viwanda vingine vina vigari vya mizigo vinavyopata umeme bila kuunganishwa na waya. Kazi hiyo ilikuzwa sana katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na John Boys na wenzake, na katika miaka ya 1990 kampuni ya Daifuku ya Japani iliitumia viwandani. Koili moja hulazwa sakafuni, nyingine hufungwa chini ya kigari. Umeme huvuka nafasi iliyo katikati kwa nguvu za sumaku.

Ili jambo hilo liwezekane, transista huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo ndipo matata yanapoanza. Mnalijua bomba la maji la shambani: ukifunga koki ghafula, bomba zima hugonga. Umeme nao ni hivyo hivyo. Transista inapozima, volteji huruka juu, hurudi, huruka tena. Ikipita kiasi, transista inaungua, kazi inasimama, na wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa zamu.

Wahandisi hulichunguza jambo hili kwa kuchora sakiti ndani ya kompyuta. Programu ya SPICE, iliyozaliwa Berkeley, Marekani, mwaka 1973, ingali inatumika. Lakini kompyuta haijui kisichochorwa. Mchoro wenye vipuri vilivyonunuliwa peke yake huonyesha umeme mtulivu. Kumbe waya wa sentimeta 2 nao ni koili ndogo, kiasi cha nanoheneri 20. Na transista ina kapasita iliyojificha ndani yake, tuseme pikofaradi 500. Tia viwili hivyo katika mchoro, na mtikisiko unajitokeza: mara milioni 50 kwa sekunde!

Fundi anaweza kuvipata vipimo hivyo mwenyewe. Huongeza kapasita kati ya miguu miwili ya transista mpaka kasi ya mtikisiko ipungue nusu. Hapo kapasita aliyoongeza ni mara 3 ya ile iliyojificha. Kwa mfano wetu, hesabu hutoa rezista ya ohm 6 hivi, iunganishwe mfululizo na kapasita hiyo ili kuutuliza mtikisiko. Rezista hula umeme na kupata moto, kwa hiyo kwanza fupisheni nyaya.

Angalieni pia kwamba waya mrefu wa chombo cha kupimia huleta mtikisiko wa uongo. Na kabla ya kugusa chochote, zimeni mtambo, ngojeni, kisha pimeni: kapasita hukaa na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.