Viza ya masomo ilivyompeleka staa wa Lubumbashi Bahamas kusaka mkwanja

Agosti 2022 timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilitua Bahamas kwa mechi za kirafiki. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa TP Mazembe, alikuwa na shughuli nyingine zaidi ya mechi. Alifanya kazi za matangazo akiwa kule kule, maana akirudi Marekani asingeruhusiwa.

Huyo ndiye aliyetoka kuwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi. Lakini viza yake ilikuwa F-1, ya mwanafunzi.

Iko hivi. Tangu Julai 1, 2021, wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kupiga pesa kwa majina na sura zao. Mzawa anasaini dili la viatu asubuhi, jioni yuko uwanjani. Mgeni wa F-1 kazi yake ni ya ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Tangazo la duka la magari mjini halimo. Akibainika, anaweza kupoteza haki ya kubaki nchini, na masomo yanaishia hapo.

Yaani sheria ya michezo ilibadilika, ya uhamiaji ikabaki vile vile. Kazi ikifanyikia nje ya Marekani, F-1 haiibani. Ndiyo maana ikawa Bahamas.

Juni 2025 pengo likazidi: mahakama ilipitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi Dola 20.5 milioni kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mgeni wa F-1 anabaki kujiuliza kama akipokea ataambiwa amefanya kazi bila kibali.

Kwa nini tunaandika haya kwenye kurasa za soka? Kwa sababu timu nyingi za soka za vyuo vya kule zimejaa wageni, na makinda wetu nao wanaota njia hiyo. Dogo akiambiwa “utasoma huku unalipwa”, nusu ya kwanza inawezekana kabisa: ufadhili wa ada, chumba na chakula viza haiukatazi. Nusu ya pili ndiyo yenye mtego.

Mzazi, kabla dogo hajasaini chochote, hata picha moja ya mdhamini, mwambie apite kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni. Kila chuo kinachopokea wanafunzi wa F-1 lazima kiwe naye. Asiishie kwa kocha, huyo anawaza mabao.