Mama Akisahau, Usiseme Ni Uzee Tu

Ndugu msomaji, pengine nawe unaye mzazi aliyebaki kijijini, tuseme Isongole, wilayani Rungwe, kwenye baridi na mashamba ya viazi. Simu yakufikia mjini: mama amebadilika, arudia neno lile lile, na jana alipotea njia aijuayo tangu usichana. Majirani wameanza kunong'ona mambo ya uchawi. Nawe wajibu, "Ni uzee tu."

Ngoja kwanza. Ni kweli ubongo husinyaa kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga. Lakini mzee aliyeteleza akajigonga kichwa, hata pigo dogo, aweza kuvuja damu polepole chini ya fuvu, na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye: usahaulifu, usingizi mwingi, kuyumba. Kwa macho hutaitofautisha na uzee. Kipimo cha CT, alichopigwa mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971, huionyesha damu hiyo kwa dakika chache. Ikishaondolewa kwa upasuaji, picha ya pili huonyesha ubongo ukirejea mahali pake, na mara nyingi mzee hurudiwa na fahamu zake.

Si kila usahaulifu huponyeka. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa mwaka 2010. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Basi kabla ya kukata simu, uliza: je, mama alianguka miezi hii? Barabara ya lami ipitayo hapo Isongole hufika Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda.