GARI LA KWANZA LA KIJANA: TUSINUNUE RANGI, TUNUNUE BREKI

Nchi Jirani: Uganda



Katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, katika mashamba ya chai ya Fort Portal, na katika viwanda vya Jinja na Kampala, siku hizi liko jambo ambalo baba zetu hawakulijua. Mtoto wa mfanyakazi akitimiza miaka 18 huenda shule ya udereva, hupata leseni, na nyumbani maneno huanza: tumnunulie gari. Wengine wataka gari la kukodisha mjini ili kijana apate kazi. Wengine wataka la kumpeleka mama hospitali na kupeleka ndizi sokoni. Hakuna ubaya. Gari si mali ya wakubwa peke yao.

Lakini fedha inayonunua gari hilo, mara nyingi, ni kiinua mgongo cha baba, au ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo utakaokatwa katika mshahara kwa miaka kadhaa. Gari likifa mwezi wa nne, makato hayafi. Na kijana mgeni wa barabara akipewa gari lisilo na breki, atakayekufa huenda lisiwe gari. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo jambo hili ni la roho za watoto wetu na la mifuko yetu pia. Yafaa tulizungumze kwa utulivu, kama tunavyozungumza habari za mishahara.

GARI HILI LATOKA WAPI?

Magari mengi tunayoyaona ni magari yaliyotumika Japani. Wajapani hupita kushoto kama sisi, nao usukani wao uko kulia. Magari hushushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, kisha huletwa Kampala na kuwekwa katika maghala ya forodha ambayo kila mtu huyaita bondi.

Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini mwao. Hapa Uganda, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imezuia kuingiza gari lililozidi miaka 15. Maana yake ni kwamba gari ambalo Mkenya hawezi kuliagiza laweza bado kuja kwetu. Siyo kwamba kila gari la miaka 12 ni bovu, liko zuri. Lakini mnunuzi wa Uganda lazima awe na macho makali zaidi. Tena sheria hiyo haigusi magari yaliyokwisha kuandikishwa nchini, na haya huuzwa na kuuzwa tena kutoka mkono hadi mkono.

BEI YA BONDI SI BEI YA GARI

Hapa ndipo wenzetu wengi huumizwa. Muuzaji hutaja bei, moyo wa mzazi hufurahi, kumbe bei ile ni ya gari ambalo halijalipiwa kodi. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme forodha imelithamini gari, pamoja na nauli ya meli na bima ya safari, kuwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, asilimia 25, ni shilingi 2,500,000. Sasa tuna 12,500,000. Juu ya hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo ni 2,250,000. Tumefika 14,750,000, na bado ziko tozo nyingine, pamoja na tozo ya mazingira kwa magari makuukuu, na malipo ya namba.

Basi swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "Mwisho ngapi?" Liwe hili: "Bei hii ni pamoja na kodi zote na namba, au bila?" Jibu lake liandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi.

Tena usimalize fedha yote siku ya kununua. Mimi huwashauri wanachama waache angalau shilingi moja katika kila tano kando. Gari la mtumba litataka oili mpya, mipira, pengine betri, na bima, kabla kijana hajabeba hata abiria mmoja.

GARI DOGO, INJINI NDOGO

Vijana hupenda gari linalonguruma. Wazee nao hupenda gari zito la zamani kwa kuamini kwamba bati nene ni salama. Wote wawili wasikilizwe, kisha waambiwe ukweli. Kijana aliyepata leseni juzi bado anajifunza kukadiria umbali na mwendo. Mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Injini kubwa yenye turbo humwita akimbie. Gari kuukuu sana nalo laweza kukosa mifuko ya hewa na breki zisizojifunga.

Gari la kufaa ni dogo, la injini ya cc 1000 hadi 1500, la aina ambayo vipuri vyake vyapatikana hata katika mji mdogo. Toyota Vitz, iliyochukua nafasi ya Starlet mwaka 1999, ni mfano mzuri. Passo ni ndogo zaidi, nayo hunywa petroli kidogo. Corolla ina nafasi kwa familia. Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, haina urembo wowote, lakini mwenye mizigo ya shamba atalipenda. Lipo pia Mazda Demio, na Nissan March. Usinunue gari ambalo fundi wa mtaani kwenu hajapata kulifungua. Kipuri kinachotafutwa Kampala kwa siku tatu ni siku tatu bila kazi.

Wenzetu wa Katuna na Mpondwe wakumbuke jambo moja zaidi. Rwanda na Kongo hupita kulia. Kijana mwenye usukani wa kulia akivuka huko, hawezi kuona vizuri anapotaka kulipita lori. Asivuke peke yake mpaka azoee.

MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME

Mpeleke fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji, nawe umlipe ujira wake. Fundi naye ni mfanyakazi. Nendeni mchana, kusiwe na mvua, maana maji hufanya kila rangi ing'ae. Mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huficha maradhi.

Injini ikiwashwa, tazameni moshi. Moshi wa buluu maana yake inachoma oili. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kupita kiasi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto waweza kuwa ni maji yanayoingia ndani. Fungueni kifuniko cha oili: mkiona uji mweupe kama maziwa, shukuruni, funikeni, nendeni zenu.

Msiamini saa ya kilomita peke yake. Hiyo hurudishwa nyuma. Tazameni mipira ya pedali, usukani na kiti cha dereva. Kama saa yasema kilomita 60,000 na pedali imelika hadi chuma, basi pedali ndiyo inayosema kweli. Ili kujua umri, tazameni lebo ya mkanda wa kiti, chini karibu na sakafu; mara nyingi mwaka wa kutengenezwa mkanda umechapwa hapo. Mkanda wa mwaka mmoja katika gari linalodaiwa kuwa la mwaka mwingine wataka maelezo.

Kila tairi lina tarakimu nne za tarehe. Ukiona 2319, limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la miaka mingi laweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umekwisha kukauka na kupasuka. Inueni mazulia mtafute matope na kutu, alama za gari lililozama. Tazameni bolti za boneti na milango: zilizokwaruzwa zimewahi kufunguliwa, na muuzaji aeleze kwa nini. Kisha liendesheni mahali patupu, mkanyage breki kwa nguvu. Gari lisivute upande.

Mwisho, ulizeni habari za mfuko wa hewa. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitishwa kwa mamilioni duniani kote, katika aina nyingi za Toyota, Honda, Nissan na Mazda, kwa kuwa baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017, lakini magari hayo bado yako barabarani, na nchi yetu ina joto na unyevu. Chukueni namba ya chesisi, mwulizeni wakala wa kampuni iliyotengeneza gari kama limo katika orodha na kama limekwisha kurekebishwa.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zile za kitabu cha gari. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa, au awe na mamlaka ya maandishi kutoka kwake. Lipeni kwa benki, si kwa dalali chini ya mti. Fanyeni mapatano mbele ya mashahidi, kisha jina libadilishwe bila kuchelewa.

Wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo wawe waangalifu mara mbili. Nimeona mapatano yanayosema kwamba mnunuzi akikosa awamu moja, gari hurudi kwa mwenyewe na fedha yote iliyolipwa hupotea. Huo ni mtego kwa mtu anayelipwa kwa msimu wa miwa.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria tangu mwaka 1989, lakini hiyo haitengenezi gari lako. Kama kijana atabeba abiria kwa malipo, mwambieni mwenye bima hivyo tangu mwanzo; bima ya gari la nyumbani yaweza kukataa kulipa. Na kama atavuka Malaba au Busia, atake Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo.

KAZI YA TAWI

Kila tawi la chama lina wanachama wanaojua magari: madereva wa trekta na malori, mafundi wa karakana. Natoa shauri kila tawi lichague wawili kati yao wamsaidie mwenzao anayekwenda kununua, naye awalipie nauli na chakula. Na kila mapatano ya mkopo au ya awamu yasomwe na katibu wa tawi kabla ya sahihi, si baada yake. Baada ya sahihi, katibu hana cha kufanya ila kukupa pole.

Kijana naye ana wajibu wake. Kabla ya kupewa ufunguo aahidi mambo matatu mbele ya wazazi: mkanda kwa kila aliyemo, hata wa nyuma, hapana pombe, hapana abiria kuzidi viti. Mkanda peke yake waweza kupunguza hatari ya kufa kwa walioketi mbele karibu kwa nusu. Wala haulipiwi zaidi. Umo tayari katika bei ya gari.

Umoja ni nguvu, hata siku ya kununua gari.