Gati za Kivu na Mzigo wa Beseni

Meli haiwezi kutoka Ziwa Kivu. Maji yake yana mlango mmoja tu, mto Rusizi, unaoporomoka bondeni hadi Tanganyika, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 bwawa la umeme limekaa karibu na mlango huohuo. Ndiyo maana gati za hapa hazikupitia yale ya Kilindini, Mombasa, ambako makuli waliogoma mwaka 1947 waliusimamisha mji, kisha baadaye kontena na winchi zikala kazi yao. Kivu, mzigo mwingi bado hupanda mgongoni mwa mtu. Kilichozigeuza gati za upande wa Rwanda ni lami: barabara ya kandokando ya ziwa ilipounganisha wilaya za Rusizi, Karongi na Rubavu, saruji na magunia vikahamia kwenye malori.

Wapo wanaosema, basi, kazi ya gati imekwisha. Ingekuwa kweli kama Nkombo, wilayani Rusizi, isingekuwa kisiwa. Wakazi wake wengi huzungumza Kishi, lugha ya ng'ambo, Bukavu, upande wa Kongo, na riziki yao ni sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika kwenye miaka hiyohiyo ya bwawa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa, wavu ukashushwa gizani. Alfajiri sambaza humiminwa kwenye mabeseni, na mchuuzi lazima avuke kabla jua halijawaharibu. Lori halimfikii.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: beseni halilipi gharama ya zege, afadhali kujenga bandari kubwa kama ile ya Nyamyumba, Rubavu, kwa ajili ya wafanyabiashara wa jumla. Bandari hiyo ina faida, sikatai. Ila ukipiga hesabu ya tani peke yake, roho za watu hazimo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ilipinduka ikikaribia kutia nanga Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Vita vya upande huo wa Kongo vilikuwa vimefunga barabara, msongamano wote ukaangukia ziwani. Gati ndogo yenye ngazi imara, taa, orodha ya abiria na msimamizi mwenye mamlaka ya kuizuia boti iliyozidisha mzigo ingegharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya bandari kubwa, na Nkombo inaistahili kwanza.