Kufundisha Vipande Vidogo vya Msimbo kwa Mfano wa Duka la Mtandaoni

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha somo la kompyuta hukabiliwa mapema na swali la mahali pa kuanzia. Wako wanaoanza na majina ya sehemu za mashine, wakayaandika ubaoni hata kipindi kikaisha. Wako pia wanaowataka wanafunzi watunge programu nzima siku ya pili, jambo ambalo ni sawa na kumtaka mtoto aliyejifunza irabu juzi aandike insha. Makala haya yanaeleza njia nyingine: kumpa mwanafunzi duka la mtandaoni lililokwisha tengenezwa, na kumfundisha kulirekebisha kwa vipande vidogo vya msimbo, vya mistari mitatu hadi kumi. Njia hiyo yawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, wale ambao wamekwisha kuzimudu hesabu za kuzidisha na za kulinganisha. Nchini Kenya taasisi ya ukuzaji wa mitaala iliidhinisha silabasi ya uandikaji wa programu kwa shule za msingi na za sekondari mwaka 2022. Kwa hiyo suala hili si la vyuo vikuu peke yake.

Kwanza mwalimu mwenyewe hana budi kufahamu kipande cha msimbo ni kitu gani na kwa nini kinahitajika. Maduka mengi ya mtandaoni hayaandikwi upya na wenyewe. Hutumia programu iliyo tayari, kama WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na ambayo hufanya kazi juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoanza mwaka 2003. Walioitunga hawakuwa na habari ya muuza madaftari wa Singida mwenye mahitaji yake mwenyewe. Mambo mengi aweza kuyapanga kwa kuchagua tu katika ukurasa wa mipangilio, mathalani fedha itumikayo kuwa shilingi. Yale yasiyopangika kwa njia hiyo ndiyo yanayohitaji kipande cha msimbo.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Vipande vya aina hiyo vimejaa kila mahali, na mtu aweza kunakili kimoja na kukibandika katika duka lake kwa dakika moja. Kikifanya kazi hajui sababu. Kikiharibu hajui sababu vilevile. Nasi tusisahau kwamba duka ni fedha za watu. Kwa hiyo lengo la somo lisiwe kwamba mwanafunzi aweze kubandika. Liwe kwamba aweze kusema, kabla ya kubandika, ni nini kitakachotokea.

Kwa lengo hilo twaweza kutumia utaratibu uliopendekezwa nchini Uingereza na Sue Sentance pamoja na Jane Waite mwaka 2017. Utaratibu huo una hatua tano: mwanafunzi hutabiri, huendesha, huchunguza, hurekebisha, na mwisho hutunga. Jambo la kuangalia ni kwamba kutunga kumewekwa mwisho. Mwanafunzi husoma kwanza programu iliyoandikwa na mwingine, kama vile katika lugha asomavyo hadithi kabla ya kutakiwa kuandika yake. Kwa maoni yangu hatua ya kutabiri ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa upesi zaidi na mwalimu mwenye haraka.

Tuchukue duka la kubuni la shule, linalouza madaftari kwa shilingi 500 kila moja. Kupeleka mzigo kwa pikipiki ni shilingi 2,000, lakini anayenunua kwa shilingi 20,000 au zaidi hupelekewa bure. Kipande kifuatacho kimeandikwa kwa lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 na ambayo huendeshwa na kivinjari chochote cha leo:

let bei = 500;
let idadi = 3;
let nauli = 2000;
let jumla = bei * idadi;
if (jumla >= 20000) {
  nauli = 0;
}
let malipo = jumla + nauli;

Mwalimu akiandike kipande hiki ubaoni, kisha aulize darasa ni maneno gani humo ambayo wanayafahamu. Watayataja bei, idadi, nauli, jumla na malipo. Hayo ni majina aliyoyachagua mwandishi, na kompyuta haijali kama ni ya Kiswahili au ya lugha nyingine, mradi jina liandikwe vilevile kila linapotokea. Maneno ya lugha ya programu yenyewe ni mawili tu: let, linaloanzisha jina la kubebea thamani, na if, ambalo kazi yake ni ile ya neno letu “ikiwa”. Nyota ni alama ya kuzidisha. Kwa hiyo mtoto anayedhani anatazama Kiingereza kitupu hugundua kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo aweza kuisoma. Ni vyema walimu wayaandike majina yote kwa Kiswahili katika masomo ya mwanzo, hata kama watengenezaji wa programu wengi hutumia Kiingereza.

Sasa kila mwanafunzi aandike katika daftari lake malipo yatakuwa kiasi gani. Asiruhusiwe kusema kwa sauti, la sivyo wote watamfuata aliye hodari. Madaftari 3 ni shilingi 1,500, na pamoja na nauli 3,500. Kisha mwalimu abadili idadi iwe 39, halafu 40. Kwa madaftari 39 jumla ni 19,500, haijafika kiwango, hivyo mteja hulipa 21,500. Kwa madaftari 40 jumla ni 20,000 kamili, nauli inaondoka, naye hulipa 20,000. Aliyechukua daftari moja zaidi amelipa shilingi 1,500 pungufu! Darasa huchangamka hapo, na mwalimu asikimbilie kuendelea. Awaulize kama hilo ni kosa la programu au ni matokeo ya kanuni aliyoiweka mwenye duka. Programu imetii ilivyoambiwa. Mwenye kupaswa kuamua ni muuzaji.

Katika kuchunguza, alama ya “zaidi ya au sawa na” iondolewe sehemu yake ya usawa, ibaki > peke yake. Tofauti ni alama moja tu, lakini mteja wa madaftari 40 sasa atatozwa 22,000. Mteja wa 39 na wa 41 hawaguswi hata kidogo. Kutokana na hayo wanafunzi huelewa kwa nini kipande cha msimbo hujaribiwa kwa namba iliyo mpakani kabisa, pamoja na ile iliyo kabla yake na ile iliyo baada yake. Kukijaribu kwa madaftari 3 tu kusingalionyesha lolote.

Mfano wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa humdanganya hata mtu mzima. Duka limetangaza kwamba kila mnunuzi atapewa daftari moja la zawadi. Idadi sasa haiandikwi na sisi. Mteja huiandika mwenyewe katika kisanduku kilicho kwenye ukurasa. Mwanafunzi anaongeza mstari mmoja:

let kupeleka = idadi + 1;

Mteja anaandika 3. Bei inazidishwa kwa idadi, inatoka 1,500, na kila mtu ameridhika. Lakini idadi ya kupeleka inatoka 31. Sababu ni kwamba kinachosomwa kutoka kisandukuni, kwa JavaScript, ni maandishi na wala si namba. Alama ya kujumlisha ina kazi mbili: kati ya namba na namba hujumlisha, bali pakiwa na maandishi upande mmoja huunganisha, na 3 ikiunganishwa na 1 huwa 31. Alama ya kuzidisha haina kazi hiyo ya pili, kwa hiyo huyageuza maandishi kuwa namba yenyewe pasipo kuulizwa. Ndiyo maana sehemu moja ya hesabu ni sahihi na nyingine si sahihi, ingawa thamani iliyotumika ni ileile. Dawa yake ni kuandika Number(idadi) + 1, yaani kuitaka kompyuta iyageuze maandishi hayo kuwa namba kabla ya kujumlisha.

Katika kufundisha jambo hili, kadi za karatasi ngumu zatosha. Kadi nyeupe ziwe za namba, kadi za rangi ziwe za maandishi. Mwanafunzi mmoja awe alama ya kujumlisha: akipewa nyeupe mbili, hufanya hesabu, akiona rangi hata moja, huzibandika kadi ubavu kwa ubavu na kusoma kinachoonekana. Baada ya zamu tano au sita, swali la 31 huwa halimshangazi mtu.

Vipande vya WooCommerce vyenyewe huandikwa kwa lugha nyingine, PHP, na mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kuijua. Hata hivyo namna vinavyoingizwa yafaa ielezwe. Wote tumekaa katika mikutano yenye ajenda ambayo mwisho wake pana kipengele cha “mengineyo”. Mjumbe mwenye neno hulisema hapo. Hachani ajenda ya katibu ili aingize lake. Programu ya duka imewekewa nafasi za “mengineyo” nyingi sana, kila moja ikiwa na jina lake: kabla ya kuonyesha bei, baada ya kuonyesha kikapu, wakati wa kuandika maneno ya kitufe cha kununulia, na kadhalika. Nafasi hizo huitwa kulabu, kwa kuwa kipande chetu hutundikwa hapo. Programu ikifika kwenye kulabu husimama, huendesha kilichotundikwa, kisha huendelea.

Baadhi ya kulabu hizo hutukabidhi kitu ili tukibadili: bei iliyo tayari kuonyeshwa, kwa mfano, au maneno ya kitufe. Sharti lake ni moja, kukirudisha. Mwenye kutunga kipande akisahau mstari wa kurudisha, bei hutoweka kwenye ukurasa, na duka huonyesha bidhaa zisizo na bei. Mchezo wake ni rahisi: wanafunzi wasimame mstari mmoja, kadi yenye bei ipitishwe toka mkono hadi mkono, kila mmoja akiruhusiwa kuongeza neno moja, na mmoja wao aambiwe kwa siri aitie mfukoni. Wa mwisho hana cha kusoma. Waulizeni wenzake ni nani aliyekosea, na kwa alama gani wamemtambua.

Lipo jambo moja ambalo baadhi ya walimu huliogopa kulifundisha, nami naona lifundishwe wazi. Kivinjari cha kompyuta kina zana za kumwezesha yeyote kuubadili ukurasa unaoonekana mbele yake. Mwanafunzi aweza kuifuta 500 na kuandika 5, na daftari likaonekana linauzwa shilingi tano. Mwacheni afanye hivyo katika duka la mazoezi, kisha aufungue ukurasa upya: bei imerudi 500. Alichokibadili ni nakala iliyo katika mashine yake, kama mtu aliyechora masharubu kwenye picha ya gazeti lake. Gazeti la jirani halikuguswa. Bei halisi imehifadhiwa katika kompyuta ya duka, iitwayo seva. Kutokana na hayo hufuata kanuni ambayo watengenezaji wa maduka huishika sana: hesabu ya malipo ifanywayo katika kivinjari ni ya kumwonyesha mteja tu, na seva sharti iirudie yenyewe kabla ya kupokea fedha. Kipande chetu cha nauli, kikiachwa peke yake katika kivinjari, hakifai kwa duka la kweli, na mwanafunzi aambiwe hivyo.

Kuhusu mahali pa kubandikia, mwanachuo atakayesaidia duka la kweli azingatie machache. Vipande vijaribiwe kwanza katika nakala ya duka isiyotumiwa na wateja. Kisiandikwe ndani ya faili za mwonekano wa tovuti zilizotoka kwa watengenezaji wake, kwa kuwa toleo jipya likija hufuta yote yaliyoongezwa. Kiwekwe katika mwonekano mdogo unaoutegemea ule mkubwa, au katika kijiprogramu chake chenyewe. Kosa moja la PHP, hata kukosekana kwa nukta-mkato, laweza kuzima tovuti nzima. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress yenyewe huweza kusimamisha sehemu iliyoleta kosa na kumpelekea mwenye tovuti barua pepe yenye kiungo cha kuingilia ili arekebishe, lakini wateja waliofika katika muda huo wamekwisha kwenda zao.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kufundisha sehemu kubwa ya haya kwa ubao, kadi na madaftari. Penye kompyuta moja, iwe ya hatua ya kuendesha peke yake, baada ya kila mtu kuandika utabiri wake. Katika kutoa alama, mwanafunzi asitahiniwe kwa kutunga. Apewe kipande cha mistari sita na idadi tatu za madaftari, aandike malipo ya kila moja. Kisha apewe kipande hichohicho kikiwa kimebadilishwa alama moja, aseme ni mteja yupi kati ya wale watatu atakayelipa tofauti na awali. Aliyekosea hesabu lakini akamtaja mteja sahihi na kueleza sababu apewe alama nyingi kuliko aliyepata hesabu zote bila maelezo.